Gemu za kompyuta za kusaka vitu na kumnasa mhalifu: hatua kwa hatua

Tunazungumzia zile gemu ambazo unafunguliwa picha ya chumba kilichovurugwa, mezani makorokoro tele, ukutani kila kitu kimening'inizwa, na chini ya skrini kuna orodha ya vitu vya kutafuta. Wewe ni mpelelezi. Kuna mtu kauawa, au katoweka, au kito cha thamani kimeibiwa, na kila ukimaliza orodha kesi inasogea. Aina hii ilivuma sana baada ya 2005, kampuni ya Big Fish Games ya Marekani ilipotoa Mystery Case Files: Huntsville. Mwaka uliofuata ikaja Ravenhearst, ya jumba la Uingereza na kurasa za shajara ya mwanamke aitwaye Emma. Mwaka 2012 Wafaransa wa Pretty Simple wakaiweka Criminal Case ndani ya Facebook, na hapo hata watu wasiojali gemu wakawa wanaombana nishati, ile akiba ya kuchezea, usiku kucha. Wapoland wa Artifex Mundi nao wana zao, na Enigmatis ndiyo ninayoipenda zaidi.

Hapa Pemba nawaona wengi, vijana na watu wazima, wanazianza kwa hamu na kuziacha njiani. Utamsikia mtu: "Macho yangu hayafai." Macho yake hayana neno. Anachokosa ni utaratibu, kwa sababu anabofya kwanza halafu ndiyo atazame. Utaratibu wenyewe ndio huu.

Hatua ya 1: Chagua gemu inayokufaa

Zipo za aina 2. Za kwanza ni za hadithi: unainunua mara moja, unaipakua, unaicheza bila intaneti mpaka kesi iishe. Za pili ni za bure za mtandaoni, ambazo kila ukiingia kwenye tukio, yaani picha moja ya kusaka, unakatwa nishati, na nishati ikikwisha ama usubiri ama utoe pesa. Anayeanza namshauri za hadithi. Bando haliliwi wakati unacheza, na hakuna wa kukubembeleza ulipe. Za bure zinanoga mkiwa wengi mnashindana, lakini zimetengenezwa makusudi zikukatize pale pale utamu ulipokolea.

Kwa miaka mingi Big Fish wamekuwa wakimwachia mtu acheze saa 1 bure kabla ya kununua. Saa hiyo itumie kupima kama kompyuta yako inaimudu gemu na kama picha zake unaziona vizuri; hadithi isikushughulishe bado. Gemu nyingi za hadithi zina mamia ya megabaiti, na mpya mpya huvuka gigabaiti 1, kwa hiyo ipakue usiku au pahala penye waifai ya uhakika. Za kunakiliwa kwenye fleshi ziogope. Nyingi huja na virusi, na ukishaiambukiza kompyuta ya kazi utakuwa umejipatia kesi isiyo ya gemu.

Na kama wanaocheza ni watoto wa skuli, mzee aitazame kwanza. Nyingine zina maiti na damu wazi wazi.

Hatua ya 2: Tayarisha kompyuta na mahali

Futa skrini kwa kitambaa kikavu na laini. Hili si la urembo: alama moja ya kidole inaweza kuficha sindano nzima. Kisha ongeza mwanga wa skrini, na usikae ukiwa umeupa mgongo mlango au dirisha, maana jua la nje likipiga kwenye kioo sehemu zote za giza kwenye picha zinakufa, na watengenezaji wa gemu hizi wanapenda kuficha vitu gizani. Wakati mzuri ni baada ya isha. Nyumba imetulia na mwanga ni mmoja.

Ingia kwenye mipangilio ya gemu uangalie mambo mawili matatu. Gemu za zamani zilitengenezwa kwa skrini za mraba; ukizifungua kwenye skrini pana picha inavutwa kwa ubavu, sahani inakuwa yai. Tafuta chaguo la skrini pana, uache gemu iweke kingo nyeusi pembeni kama inataka. Pili, kama mshale wa kipanya unaburuta, zima mshale wa gemu yenyewe utumie ule wa kompyuta. Gemu nyingi zina chaguo hilo. Na tumia kipanya cha mkononi, usitegemee kidole kwenye kibao cha laptopu. Vitu vingine ni vyembamba kama uzi, kidole kinateleza.

Umeme nao uwekee hesabu. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, kisiwa hiki kilikuwa kikiendeshwa na majenereta ya dizeli, na waliokuwepo wanajua kilichokuwa kikitokea. Sasa hali ni nyingine, lakini mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri umeme ukikatika anaweza kupoteza tukio alilokuwa nalo. Gemu nyingi hujihifadhi zenyewe unapotoka kwa utaratibu kupitia menyu. Basi ukimaliza tukio gumu toka hadi kwenye menyu, urudi. Inachukua nukta chache tu.

Hatua ya 3: Andika jina lako na uchague ugumu

Kila mchezaji afungue jina lake. Nyumba yenye watoto, jina likiwa moja, utarudi usiku ukute kesi imesogezwa mpaka ghorofa ya juu na hujui nani kamfungulia nani mlango.

Kwenye ugumu, anza na ngazi nyepesi. Hapo pahala penye kazi hung'ara kwa vimeta na dokezo, kile kitufe cha kukuonyesha kitu ulichokikosa, hujaa haraka. Ngazi za juu huondoa vimeta, na dokezo huchukua muda mrefu kujaa, au huondolewa kabisa. Hakuna fahari ya kuanzia huko. Ngazi nyepesi inakufundisha tabia ya gemu, na kila kampuni ina tabia yake.

Hatua ya 4: Tazama kabla hujabofya

Hapa ndipo penye gemu yenyewe. Tukio likifunguka, toa mkono kwenye kipanya. Usiisome orodha bado. Itazame picha yote: ni chumba gani, taa inatoka upande gani, kipi kikubwa, kipi kimekaa ovyo. Ngazi imesimama hewani? Samaki yuko juu ya kabati la vitabu? Vile vilivyokaa pasipo pake vishike kichwani, kwa sababu vingi vyake vitakuwemo kwenye orodha.

Ndipo usome orodha, kuanzia juu hadi chini. Vile ulivyokwisha kuviona vibofye mara moja. Nusu ya orodha huenda ikaisha kwa mkupuo huo, na sasa unabaki na vilivyofichwa kweli kweli.

Kwa hivyo, igawe picha. Mimi huigawa mafungu 4, kwa mstari wa kichwani kutoka juu hadi chini na mwingine wa kukata katikati. Fungu moja unalimaliza ndipo uende la pili. Ni kama kuchambua karafuu: mtu anakaa kwenye jamvi, anavuta fungu dogo mbele yake, karafuu huku, makonyo kule, likiisha anavuta jingine, hakuna anayetia mkono katikati ya lundo akaokota moja hapa na moja pale. Anayeruka na macho picha nzima anapita pahala pamoja mara nyingi na pengine hapiti kabisa, hasa pembeni. Na pembeni ndiko wanakoficha. Kingo za juu, nyuma ya pazia, chini ya miguu ya meza: huko usipite mbio.

Kuna hila chache wanazorudia kila gemu, na ukizijua nusu ya kazi imekwisha. Ya kwanza ni rangi: nyoka wa kijani kwenye majani, kamba ya kahawia kwenye mbao, penseli iliyolazwa sambamba na fremu ya dirisha. Tafuta umbo, rangi isahau. Ya pili ni kipimo: tembo anaweza kuwa mdogo kuliko kikombe, na pini ikawa ndefu kuliko mwavuli. Usiseme moyoni "tembo hatoshei hapa." Ya tatu ni picha ndani ya picha. Jogoo aliyechorwa kwenye bango la ukutani ni jogoo halali, na jua lililotariziwa kwenye mto wa kochi ni jua. Ya nne ni kitu kuvaa kazi ya kitu kingine, na hii ndiyo hila tamu kuliko zote. Mama yangu hajui Kiingereza, lakini mjukuu wake akimsomea orodha kwa Kiswahili anaona kuliko sisi. Siku moja tumekwama sote kwenye mkasi. "Bibi, mkasi," mjukuu anasema. Mama kaangalia, kaguna. "Si ule, kwenye saa. Hizo akrabu zenu zina matundu ya vidole." Na kweli, saa ya ukutani haikuwa na akrabu, ulikuwa ni mkasi uliofunguliwa, umekaa saa kumi kasorobo.

Ndiyo maana nasema gemu hizi ni bora zichezwe na watu wawili. Mmoja ashike orodha na asitazame picha. Mwingine atazame picha na asisome orodha. Yule anayetazama anakuwa na neno moja tu kichwani, na neno moja hutafutwa vizuri kuliko maneno 12.

Na usibofye ovyo. Gemu nyingi zina adhabu: ukipiga piga bila kulenga mshale unafungwa kwa nukta kadhaa, au kwenye zile za kuhesabiwa muda unakatwa dakika. Hata pasipokuwa na adhabu, mwenye kubofya ovyo haoni alichokibofya, na tukio hilo hilo litarudi baadaye na orodha nyingine. Aliyetazama vizuri mara ya kwanza atakumbuka pale palikuwa na ndoo.

Hatua ya 5: Yakabili majina ya vitu

Orodha mara nyingi ni ya Kiingereza, na hapo wengi hukwama wakadhani kitu hakipo. Neno moja linaweza kuwa vitu viwili au vitatu, na gemu inafurahia kukuzungusha. Imeandikwa "nail": tafuta msumari, ukiukosa angalia kucha. "Bat" ni popo, au gongo la kriketi. "Pipe" ni kiko cha tumbaku au bomba la maji. "Plane" ni ndege (eropleni), au randa ya seremala, na "file" ni jalada la karatasi au tupa. "Bow" ndiyo kisirani chao mkubwa: upinde wa mishale, au fundo la utepe kwenye zawadi, au ule uta wa kupigia fidla ambao kila aliyewahi kukaa mbele ya kikundi cha taarabu anaujua. "Fan" inaweza kuwa feni ya dari au kipepeo cha mkono.

Kijana wa kaka yangu aliwahi kutumia robo saa akitafuta ndege kwenye karakana. "Ami, hamna ndege humu, wamekosea." Nikamwambia atazame ile meza ya seremala, kile kipande cha mbao chenye mpini na ulimi wa chuma. Tangu siku hiyo gemu ikiwa na karakana anaanza na meza ya seremala.

Kuna vitu pia ambavyo kwetu havipo, na hivyo navyo vinarudi karibu kila gemu: "acorn", kijitunda cha mti wa mwaloni chenye kofia, "horseshoe", chuma cha kwato za farasi, umbo lake kama herufi U, "pinecone", tunda gumu la msonobari lenye magamba, "candy cane", pipi nyekundu na nyeupe iliyopinda kichwa mithili ya bakora. Vingine unavijua sana ila jina ndilo geni. "Thimble" ni kastabini tu ya mshonaji. Weka daftari. Kila neno jipya liandike pamoja na mchoro mdogo wa kitu chenyewe, kwa sababu kwenye skrini utakutana na umbo, tafsiri haitakutosha.

Hapa ndipo dokezo linapofaa. Lipo kwenye kitufe pembeni, ukilibonya linakuonyesha kitu kimoja, kisha linajaa upya taratibu. Watu wengi hulitumia kwa kitu wasichokiona. Mimi nasema litumie kwa kitu usichokijua. Kama unajua nyundo inafananaje, endelea kuitafuta. Kama hujui kabisa neno hilo ni mnyama au chombo, bonya, ujifunze, uandike daftarini. Baada ya gemu mbili tatu utajikuta hulihitaji sana.

Hatua ya 6: Vitu vyenye rangi nyingine, na mkoba

Kwenye gemu za hadithi baadhi ya majina kwenye orodha yameandikwa kwa rangi tofauti. Maana yake kitu hakionekani mpaka ufanye jambo: ufungue droo, uwashe mshumaa kwa kiberiti kilichomo humo humo, ukate tikiti kwa kisu. Angalia mshale unapopita juu ya vitu. Ukigeuka umbo, ukawa mkono au gia, hapo pana kazi.

Mwisho wa tukio hubaki na kitu kimoja kinachoingia mkobani chini ya skrini. Kinaweza kuwa ufunguo, mpini usio na kichwa, kipande cha nembo. Jiulize hapo hapo: niliona wapi tundu la umbo hili? Mlango uliofungwa, sanamu yenye jicho moja. Ramani ya gemu, kama ipo, huweka alama kwenye vyumba vyenye kazi, nayo inakurusha huko bila kutembea chumba kwa chumba. Na ukiwa nje ya tukio la kusaka, kitufe cha dokezo mara nyingi hukuonyesha njia ya kwenda.

Mafumbo ya katikati, ya kuzungusha vigae na kupanga mirija, sina mengi ya kuyasemea. Yana kitufe cha kuyaruka ambacho hujaa baada ya muda. Lisilokufurahisha liruke, hakuna ushahidi unaopotea. Ukikwama kabisa kwenye hadithi, matoleo maalumu ya gemu hizi huja na mwongozo wao ndani. Soma mstari mmoja unaokuhusu ufunge, maana ukiendelea utajua muuaji kabla ya wakati.

Hatua ya 7: Kesi yenyewe

Nitasema lililo moyoni: gemu nyingi za upelelezi hazina upelelezi. Unatafuta ndizi, kofia na mwanasesere kwenye chumba alichouawa mtu, na hakuna hata kimoja kinachohusiana na kifo chake. Ukikutana na ya namna hiyo, ichukulie kuwa ni mazoezi ya macho. Nzuri ni ile inayokuuliza maana ya ulichokipata. Enigmatis ina ubao wa ushahidi: vielelezo vinakaa hapo na wewe unavioanisha mpaka kisa cha binti aliyepotea kieleweke.

Criminal Case inafuata njia nyingine, nayo ina kanuni zake. Kule kasi inahesabiwa: vitu ukivipata kwa mfululizo bila kusita pointi zinapanda, kwa hiyo ile nasaha ya kutoa mkono kwenye kipanya itumie mara ya kwanza tu unapoingia tukio jipya. Tukio hilo hilo utalirudia mara nyingi ili ukusanye nyota, na vitu havihami, vinavyobadilika ni vile unavyoulizwa. Usipoteze nishati kwa kuruka kutoka tukio moja hadi jingine. Shika moja mpaka ulijue kwa moyo. Vielelezo vya maabara huchukua muda wa kweli, pengine saa kadhaa, basi vipeleke kabla ya kulala.

Kwenye kumtafuta muuaji, rudi kwenye daftari. Chora jedwali: majina ya watuhumiwa yashuke kushoto, sifa za muuaji zipite juu. Maabara ikisema muuaji anavuta sigara, fungua safu ya sigara. Ikisema damu yake ni ya aina fulani, safu nyingine. Kila mtuhumiwa akihojiwa, weka alama. Lakini angalia: mraba ulio wazi hauna maana kwamba mtu hana sifa hiyo, una maana hujamuuliza bado. Wengi humfuta mtu mapema kwa sababu hii, hasa yule mpole anayelia kwenye mahojiano. Mfute mtu pale tu ushahidi unapompinga waziwazi, mfano nywele za muuaji nyeusi na zake nyeupe. Ukifika wakati wa kumtaja, mwenye alama kwenye safu zote ni mmoja tu. Kama bado ni wawili, kuna mahojiano uliyoyaruka, kayatafute.

Kila baada ya dakika 20 inua uso utazame mbali, futi 20 au zaidi, kwa nukta 20. Huo ni ushauri wa madaktari wa macho kwa kila anayekaa mbele ya kompyuta, na kwa gemu hii una faida ya ziada: ukirudi na macho mapya, kile kitu ulichokuwa ukikisaka huwa kimekaa wazi.

Ukimaliza kesi na ukataka kuirudia kwa ngazi ngumu, fungua jina jipya la mchezaji, usifute la zamani. Sura za ziada za matoleo maalumu hufunguka kwa jina lililomaliza kesi, na ukilifuta zinakwenda nalo.